Corneille Heymans: munganga wa Ubelgiji aliyeonyesha kwamba shingo ndiyo inayopima oksijeni ya damu

RWAMBUZI, BUNIA. – Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuiona ile mashine ndogo ambayo munganga anabana kwenye kidole cha mgonjwa wa mapafu. Taa nyekundu inawaka, namba inatokea, na familia yote inanyamaza kuangalia kama oksijeni iko juu au imeshuka. Hapa Rwambuzi, sawa na Mudzipela au mtaa mwingine wowote wa Bunia, mashine hiyo ilijulikana sana wakati wa korona. Lakini kila mmoja wetu alizaliwa na mashine yake. Iko shingoni, kulia na kushoto, chini kidogo ya pembe ya taya, na ukubwa wake ni kama punje ya mchele. Mtu aliyethibitisha kazi yake ni Mbelgiji, Corneille Heymans, aliyefariki mwaka 1968. Alithibitisha kwa kutumia mbwa, mirija ya damu, kisu cha upasuaji na nyuzi za fahamu. Kazi yake hiyo ndiyo imefungua mlango kwa watafiti wa leo ambao wanaweka waya za umeme ndani ya shingo za wanyama ili kuongoza kupumua, shinikizo la damu na hata sukari.

Heymans alizaliwa tarehe 28 Machi 1892 katika mji wa Gand, ambao Wafalaman wanauita Gent. Baba yake, Jean-François Heymans, alikuwa profesa wa elimu ya dawa kwenye chuo kikuu cha mji huo, na alifika hata kuwa rekta wa chuo. Mwaka 1895 baba huyo, pamoja na Mfaransa Eugène Gley, alianzisha jarida la kimataifa la utafiti wa dawa. Basi kijana Corneille alikulia katika nyumba ambamo watu walizungumza juu ya moyo, mapafu na sumu kama vile hapa kwetu watu wanavyozungumza juu ya mashamba na ng'ombe.

Mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji. Heymans, mwanafunzi wa uganga mwenye umri wa miaka 22, akawa ofisa wa mizinga. Wanafunzi wa Ituri waliosimamisha masomo kati ya mwaka 1999 na 2003 hawahitaji kuelezwa maana yake. Vita ilikula miaka yake minne, na ndiyo sababu alipata udaktari mwaka 1920 tu, akiwa na miaka 28. Mwaka uliofuata alimuoa Berthe May, naye munganga, wa macho. Kisha akazunguka kutafuta elimu: Paris kwa Gley rafiki ya baba yake, Lausanne, Vienna, London kwa Starling aliyekuwa bingwa wa moyo, na Cleveland kule Marekani kwa Wiggers. Mji huo wa Cleveland tutaurudia mbele kidogo.

Aliporudi Gand alianza kufundisha na kufanya kazi pamoja na baba yake katika chumba kimoja cha utafiti.

Swali walilolikuta mezani

Nani anaamuru kifua kupanuka? Tangu mwaka 1812 ilijulikana kwamba amri inatoka sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Mfaransa Legallois alionyesha hivyo kwa sungura: ukiharibu sehemu ile ndogo, kupumua kunasimama palepale. Mwaka 1905 Waingereza Haldane na Priestley waliongeza jambo kubwa. Walionyesha kwamba gesi ya kaboniki, ile tunayoitoa puani, ndiyo inayosukuma kupumua kila siku. Ikizidi kidogo tu katika damu, mtu anapumua kwa nguvu zaidi.

Kutokana na hayo waganga wengi waliamini kwamba ubongo wenyewe unaonja damu inayopita ndani yake. Damu ikikosa oksijeni, ubongo unasikia na kuamuru. Inaonekana ni jambo la akili, na hata leo ukimuuliza mtu barabarani atakujibu hivyo. Ila kulikuwa na shida moja: ubongo ukikosa oksijeni unalegea. Mlinzi gani anapiga kelele kwa nguvu zaidi wakati ule anaposinzia?

Mbwa wawili, kichwa kimoja

Jaribio ambalo Heymans baba na mwana walitangaza katika miaka ya 1920 ni gumu kulisoma bila kukunja uso, lakini bila kulieleza hatuwezi kueleza maisha ya mtu huyu. Walichukua mbwa wawili na kuwalaza usingizi kwa dawa. Kichwa cha mbwa wa pili kilitenganishwa na mwili wake, isipokuwa neva mbili kubwa za shingo zinazoitwa vagusi, ambazo zinateremka hadi moyoni na kwenye mapafu. Neva hizo ziliachwa nzima. Kichwa hicho kilipewa damu kwa mirija kutoka kwa mbwa wa kwanza, na mwili uliendelea kuishi kwa kupulizwa hewa na mashine.

Sasa angalia ujanja wao. Kichwa kinakula damu ya mbwa mwingine. Mwili una damu yake. Kinachounganisha viwili hivyo ni nyuzi za neva tu, hakuna tone la damu linalopita kutoka mwilini kwenda kichwani. Walipopunguza hewa ya mwili, kichwa kilianza kuhangaika kutafuta pumzi: koo na tundu za pua zilicheza kwa haraka. Walipopandisha shinikizo la damu ya mwili, mwendo ule ulipungua. Walipokata zile neva, kichwa hakikujua tena lolote. Habari ilikuwa imepita kwa waya za mwili, yaani neva.

Baadaye Corneille alihamia juu kidogo, kwenye shingo. Mshipa mkubwa wa damu unaopeleka damu kichwani, karotidi, unagawanyika mara mbili chini ya taya, na pale kwenye njia panda una uvimbe mdogo unaoitwa sinusi. Mjerumani Heinrich Ewald Hering alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba neva nyembamba inayotoka kwenye sinusi hiyo inalinda shinikizo la damu. Ukiichokoza kwa umeme, moyo unapunguza mwendo na shinikizo linashuka. Heymans aliitenga sinusi ile na kuipitishia damu aliyoichagua yeye mwenyewe. Damu yenye oksijeni ndogo ikipita pale, mbwa anapumua kwa nguvu, ingawa damu ya ubongo wake haikubadilika. Ukiikata neva ya Hering, hakuna kinachotokea.

Alijaribu pia sumu na dawa: nikotini ya tumbako, lobelini, sianidi. Sianidi ni ile sumu ambayo mama zetu wanaiondoa katika mihogo michungu kwa kuiloweka siku kadhaa. Inazuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Kidogo tu kikipita shingoni, kupumua kunapanda kwa nguvu, kwa kuwa kile kinundu kinadhani hewa imekwisha. Neva ikikatwa, ile mbio ya pumzi haitokei.

Umeme hauchagui

Hapa ndipo tunafika kwenye waya. Msomaji anaweza kuuliza: kama Hering alitumia umeme, kwa nini Heymans alijisumbua na mirija yote ile ya damu? Jibu liko ndani ya neva yenyewe. Neva ya sinusi ni kama kamba iliyosokotwa na nyuzi za aina mbili. Nyuzi za kwanza zinapeleka habari ya shinikizo la damu. Kazi yake ni kutuliza moyo na hata kupunguza kupumua kidogo. Nyuzi za pili zinatoka kwenye kinundu kile cha ukubwa wa punje ya mchele na kupeleka habari ya oksijeni. Kazi yake ni kuamsha kupumua. Ukigusa kamba nzima na umeme, unaamsha zote pamoja. Moja inasema tulia, nyingine inasema kimbia, na wewe unayesoma mashine hujui umesikia sauti ya nani.

Damu inachagua. Ukiongeza shinikizo bila kubadilisha oksijeni, unaongea na nyuzi za kwanza. Ukipunguza oksijeni bila kugusa shinikizo, unaongea na za pili. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio ukubwa wa kazi ya Gand kuliko hata mbwa mwenye kichwa kilichotengwa, ambaye picha yake ndiyo inayoshangaza watu. Umeme haukuachwa pembeni lakini: mwaka 1933 Heymans na mwenzake Rijlant walitumia vyombo vya umeme kusikiliza neva hiyo, yaani kupokea alama ndogo zinazopita ndani yake badala ya kuichokoza.

Baba Heymans alifariki mwaka 1932. Mwana alikuwa tayari amechukua kiti chake cha uprofesa na uongozi wa taasisi mwaka 1930. Tuzo ya Nobel ya uganga ya mwaka 1938, ambayo ilitolewa mwaka mmoja baadaye, ilimwendea Corneille peke yake. Wafu hawapewi tuzo hiyo, basi baba alikosa kwa sababu ya kaburi.

Mtu wa Madrid aliyesahauliwa

Kuna mwingine aliyekosa akiwa mzima. Fernando de Castro, Mhispania, mwanafunzi wa Ramón y Cajal, ndiye aliyechungulia kinundu kile kwa darubini na kuandika, mwaka 1926 na 1928, kwamba nyuzi zake zimejengwa kama nyuzi za kuonja damu. Kabla yake wengi walikiona kama tezi tu. Heymans alikuja na jaribio la kuthibitisha kazi, de Castro alikuwa amekwisha kuonyesha umbo na kutoa wazo. Wakati tuzo ilipokuwa ikijadiliwa, de Castro alikuwa Madrid, mji uliozingirwa na vita ya Hispania kuanzia mwaka 1936 hadi 1939. Heymans alitaja kazi ya Mhispania huyo katika maandishi yake, na hilo tumpe haki yake. Lakini jina moja ndilo lililobaki katika vitabu vya shule, na wanahistoria wa uganga bado wanalijadili jambo hilo. De Castro alifariki mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya Heymans.

Miaka ya baadaye Heymans akawa mtu wa mikutano na safari. Mwaka 1956 aliongoza kongamano la kimataifa la elimu ya kazi za mwili lililofanyika Bruxelles. Alitumwa na serikali yake na mashirika ya kimataifa Iran, India, Misri, China na kwingineko. Katika orodha ya safari hizo imo pia Kongo, mwaka 1957. Wakati huo chuo kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kufungua milango, na uhuru ulikuwa bado miaka mitatu mbele. Alistaafu mwaka 1963 na kufariki tarehe 18 Julai 1968 huko Knokke, pembeni ya bahari.

Kutoka Goma mpaka Ruwenzori

Ugunduzi huu unatuhusu wapi sisi wa mashariki mwa Kongo? Kwanza kwa milima. Bunia iko kwenye mita karibu 1,300 juu ya bahari, na kwa urefu huo kinundu cha shingo hakina kazi kubwa. Lakini anayepanda Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, anapumua haraka usiku na mchana hata akiwa amelala, na amri ile inatoka shingoni.

Pili kwa mazuku. Ndugu zetu wa Goma wanaijua: gesi ya kaboniki inayotoka ardhini karibu na volkano na kujikusanya katika mabonde na mashimo. Inaua mbuzi na watoto kwanza kwa kuwa ni nzito na inakaa chini. Gesi hiyo inaamsha kupumua kupitia ubongo, sawasawa na Haldane alivyosema, na nafasi ya oksijeni inakuwa imechukuliwa. Walinzi wote wawili, wa ubongo na wa shingo, wanapiga kelele kwa wakati mmoja, lakini kila pumzi ya nguvu inaingiza gesi zaidi. Mtu anaanguka kabla ya kukimbia. Ndiyo maana hakuna kumfuata mwenzako shimoni.

Na neno moja kwa vijana wanaocheza: msiminye shingo pande zote mbili kwa wakati mmoja. Sinusi inadhani shinikizo la damu limepanda, moyo unapunguzwa mwendo, mtu anazimia. Si mchezo.

Waya zinazobaki mwilini

Heymans aliishi kuona waya zikiingia katika shingo za watu. Karibu na mwaka 1967 waganga wa Marekani walipandikiza elektrodi kwenye neva ya sinusi ya wagonjwa wenye shinikizo kali la damu, na wengine wenye maumivu ya moyo. Elektrodi ni kipande kidogo cha metali kinachopeleka umeme kwenye neva. Kazi ilianza kwa mbwa, na njia yake haijabadilika sana. Mnyama analazwa usingizi, shingo inafunguliwa, neva inatengwa polepole na mshipa wa damu ulio kando yake, kisha inazungushiwa kama bangili laini yenye metali ndani. Bangili ikibana sana neva inakufa, ikilegea umeme unatoroka kwenda kwenye misuli. Waya inapitishwa chini ya ngozi na kutokea mgongoni kati ya mabega, pale mnyama hawezi kuitafuna. Anaachwa apone ndipo majaribio yaanze, kwa sababu mnyama mwenye maumivu au aliye bado na dawa ya usingizi hapumui kama mnyama mzima.

Shida ileile ya Gand ilirudi: waya iliyowekwa kwa ajili ya shinikizo la damu inaweza kugusa pia nyuzi za kupumua.

Njia nyingine ilikuwa kuacha neva ya sinusi na kwenda kwenye neva ya freniki, ile inayoteremka kutoka shingoni hadi kwenye diaframu, msuli mkubwa ulio chini ya mapafu. Hapo hakuna habari ya kuonja, kazi yake kubwa ni kupeleka amri ya kuvuta hewa. Sarnoff wa Harvard alionyesha mwaka 1948 kwamba umeme kwenye neva hiyo unaweza kumpumulisha mtu. Kisha William Glenn wa Yale, katika miaka ya 1960, baada ya majaribio kwa mbwa, alipandikiza vyombo vinavyopokea mawimbi ya redio kupitia ngozi, bila waya kutoka nje. Mwaka 2003, katika mji uleule wa Cleveland ambako Heymans alisoma akiwa kijana, mwigizaji Christopher Reeve, aliyecheza Superman na kupooza baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, aliwekewa elektrodi kwenye diaframu ili aachane na mashine ya kupumua kwa saa kadhaa kila siku.

Si kila aliyepita mlango huo alifanya vizuri. Huko Japani, daktari wa upasuaji Nakayama aliwakata vinundu vya shingo wagonjwa wa pumu, na mwaka 1961 alitangaza kwamba amewapasua zaidi ya 3,900. Watu hao walikuwa na shida ya mirija ya mapafu, na wakaondolewa mlinzi wao wa oksijeni. Wengine waliporudia upasuaji huo kwa kulinganisha kwa uangalifu, faida haikuonekana. Mbwa wa Gand walikuwa wachache na jibu lao likawa wazi. Wagonjwa hawa walikuwa maelfu na jibu halikupatikana mpaka baadaye.

Kuhusu mbwa hao, leo jaribio la kichwa kilichotengwa lisingepita kirahisi mbele ya kamati za maadili zinazosimamia wanyama wa utafiti. Kamati hizo zinauliza kama mnyama analala kweli, kama hesabu ya wanyama inaweza kupunguzwa, kama kuna njia nyingine. Maswali hayo ni ya haki. Ni haki pia kusema kwamba chembe zilizowekwa peke yake kwenye chupa zisingeweza kuonyesha habari ikisafiri kutoka mwilini hadi kichwani.

Kazi inaendelea kwa wanyama wadogo zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Lisbon, Ureno, walitangaza kwamba walipandikiza elektrodi kwenye neva ya sinusi ya panya waliolishwa mafuta na sukari hadi mwili wao ukashindwa kutumia insulini vizuri. Badala ya kuichokoza neva, walitumia umeme wa mwendo wa kasi sana unaoizuia isipeleke habari. Sukari ya panya ilitengemaa, na umeme ulipozimwa hali ya zamani ilirudi.